Ajali za Ndege Zimetufundisha Nini?



Kwa sisi tunaosoma huku Uingereza, ndege imekuwa kama basi la mkoani. Likizo ndefu ikikaribia utasikia watu wanaulizana bei za tiketi: nani anapitia Addis Ababa, nani anapitia Doha, nani anakwenda moja kwa moja Nairobi, na kilo ngapi zinaruhusiwa. Na hakosekani mtu wa kusema, "Mimi bwana ndege naiogopa. Basi likiharibika unashuka unasukuma. Ndege ikiharibika utashukia wapi?" Tunacheka, lakini swali lake si la kipuuzi. Ndege kubwa inaruka kama kilomita 10 juu ya ardhi, mahali ambapo nje kuna baridi kali na hewa isiyotosha kuvuta pumzi, na bado ni moja ya njia salama kabisa za kusafiri. Imewezekanaje?

Wengi hujibu haraka haraka kwamba teknolojia imekua. Ni kweli, ila jibu hilo halitoshi. Mimi nasoma uzamivu katika uhandisi wa mitambo, na utafiti wangu unahusu uchovu wa metali, yaani namna chuma kinavyochoka na kupasuka kikitumika muda mrefu. Katika fani hii huwezi kufungua vitabu viwili bila kukutana na ajali ya ndege. Nimesoma ripoti nyingi za uchunguzi, na kuna jambo moja nimeliamini ambalo ndilo nataka tulijadili: ajali haimfundishi mtu kwa kuwa imetokea tu. Inafundisha pale ambapo aliyeona anasema, aliyesema haadhibiwi kwa kusema, na mwenye mamlaka anasikiliza. Kimoja kikikosekana, ajali ile ile inarudi.

Tuchukue matukio machache, moja moja.

SOMO LA KWANZA: PIMA KABLA YA KUTIBU

Tarehe 2 Mei 1952 shirika la BOAC la Uingereza lilianza huduma ya kwanza duniani ya kusafirisha abiria kwa ndege ya jeti. Ndege hiyo iliitwa Comet, ilitengenezwa na kampuni ya de Havilland, na safari ilikuwa ya London hadi Johannesburg. Njiani ilitua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Yaani Entebbe yetu ilikuwa na huduma ya jeti ya abiria miaka sita kabla jeti za abiria hazijaanza kuvuka Atlantiki kwenda New York!

Comet iliruka juu kuliko ndege za abiria zilizoitangulia. Huko juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo ndani ya ndege lazima hewa ijazwe kwa presha ili watu wapumue. Kila safari bodi inavimba kidogo kama puto, na ikishuka inanywea. Sasa chukua kipande cha waya ukikunje huku na huku. Mara ya kwanza hakikatiki, mara ya tano hakikatiki, mwisho kinakatika hata bila kutumia nguvu. Huo ndio uchovu wa metali.

Tarehe 10 Januari 1954 Comet yenye namba G-ALYP, ile ile iliyofungua njia mwaka 1952, ilivunjika angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia. Watu wote 35 walifariki. Ndege za aina hiyo zikasimamishwa. Wahandisi wakaorodhesha kila kitu walichodhani kingeweza kuwa chanzo, wakafanya marekebisho mengi, na mwezi Machi ndege zikaruka tena. Lakini chanzo chenyewe kilikuwa hakijajulikana. Walitibu ugonjwa ambao hawakuupima. Tarehe 8 Aprili Comet nyingine, G-ALYY, ikaanguka baharini karibu na Napoli, na watu 21 wakafa.

Hapo ndipo kazi ya kweli ilipoanza. Jeshi la majini la Uingereza liliopoa mabaki ya G-ALYP kutoka chini ya bahari, na huko Farnborough wataalamu wakiongozwa na Arnold Hall wakaipanga upya kipande kwa kipande. Kisha wakachukua Comet nyingine, wakaiingiza bodi yake katika tangi kubwa la maji, wakawa wanaijaza maji kwa presha na kuyapunguza, tena na tena, kana kwamba inaruka na kutua. Kwa nini maji na si hewa? Kwa sababu maji hayabanwi kama hewa. Bodi ikipasuka hailipuki kama bomu, na ushahidi unabaki. Baada ya mizunguko kama 3,000, ukijumlisha na safari ilizokuwa imeruka kweli, bodi ilipasuka kuanzia kwenye pembe ya tundu la dirisha. Mabaki ya Elba nayo yakaonyesha ufa wa namna hiyo kwenye pembe ya tundu la antena juu ya paa. G-ALYP ilikuwa imeruka kwa presha mara 1,290 tu, na G-ALYY mara 900.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini utazibaje ufa usioujua? Tangu wakati huo imekuwa kawaida kupima bodi nzima ya ndege kwa maelfu ya mizunguko, na kuiunda kwa namna ambayo ufa ukianza hauendi mbali kabla mafundi hawajauona kwenye ukaguzi.

Ajali hizo hizo zilizaa kitu kingine. Mwanasayansi wa Australia, David Warren, ambaye baba yake alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1934, alishiriki kujadili chanzo cha ajali za Comet. Akajiuliza: kama ndani ya ndege kungekuwa na mashine inayorekodi sauti za marubani na vipimo vya mitambo, si tungejua mara moja? Mwanzoni wakubwa wa kwao hawakuvutiwa na wazo lake. Leo kila ndege kubwa ya abiria ina kifaa hicho tunachokiita kisanduku cheusi, ingawa rangi yake ni ya chungwa ili kionekane kirahisi kwenye mabaki. Hata waliokufa wamepewa njia ya kusema.

SOMO LA PILI: MDOGO ASEME, MKUBWA ASIKIE

Tarehe 27 Machi 1977, uwanja wa Los Rodeos, kisiwa cha Tenerife, Hispania. Bomu lilikuwa limelipuka kwenye uwanja wa kisiwa jirani cha Gran Canaria, kwa hiyo ndege nyingi zilielekezwa kwenye uwanja huu mdogo. Miongoni mwao zilikuwamo Boeing 747 mbili: moja ya KLM ya Uholanzi, nyingine ya Pan Am ya Marekani. Uwanja ulijaa, ikabidi ndege zitembee juu ya njia ile ile ya kurukia. Ukungu mzito ukashuka. KLM ilikuwa imegeuka mwisho wa njia, tayari kuruka. Pan Am ilikuwa bado iko katikati ya njia hiyo hiyo, na hawakuonana.

Rubani mkuu wa KLM hakuwa mtu mdogo. Alikuwa mkuu wa mafunzo ya 747 katika shirika lake, na picha yake ilitumika kwenye matangazo. Aliposukuma injini mara ya kwanza, rubani msaidizi alimkumbusha kwamba hawajapata ruhusa, naye akasimama. Muda mfupi baadaye akasukuma tena. Walikuwa wamepewa maelekezo ya njia ya kufuata baada ya kuruka, lakini ruhusa ya kuruka yenyewe hawakupewa. Safari hii rubani msaidizi hakumzuia. Mnara ukajibu "sawa" na kuwaambia wasubiri, lakini wakati huo huo Pan Am nao walikuwa wakisema kwamba bado wako njiani, sauti zikagongana, na kilichosikika vizuri kwa KLM ni lile neno "sawa" tu. Mhandisi aliyekaa nyuma ya marubani akauliza kama Pan Am wametoka. Mkubwa akajibu kwa uhakika kwamba wametoka. Yule mhandisi akanyamaza.

Watu 583 walikufa. Hadi leo hakuna ajali ya ndege kugongana au kuanguka iliyoua watu wengi kuliko hiyo. Waliopona ni 61, wote wa Pan Am.

Mabadiliko yaliyofuata ni ya aina mbili. Ya kwanza ni ya maneno. Neno la Kiingereza la "kuruka" halitumiki tena ovyo kwenye redio. Linatamkwa pale tu ruhusa ya kuruka inapotolewa au kufutwa, na penginepo pote husemwa "kuondoka". Na rubani akipewa maelekezo muhimu hajibu "sawa" tu. Anayarudia kama alivyoyasikia, ili kama kuna kosa lisikike.

Ya pili ni ya tabia, na hii ndiyo ngumu. Mwaka uliofuata, tarehe 28 Desemba 1978, ndege ya United ilizunguka karibu na Portland, Marekani, kama saa nzima huku rubani mkuu akishughulikia tatizo la magurudumu. Wenzake waliona mafuta yanapungua. Walisema, lakini walisema kwa kuzunguka zunguka, kama mtu anayeogopa kumkera mkubwa. Mafuta yakaisha, ndege ikaanguka, watu 10 wakafa. Baada ya hapo mwaka 1979 wataalamu walikutana chini ya NASA, na mwaka 1981 United ikaanzisha mafunzo maalumu ya marubani kufanya kazi kama timu. Mdogo anafundishwa kusema wazi, na akipuuzwa aseme tena kwa nguvu zaidi. Mkubwa anafundishwa kuuliza na kusikiliza. Mafunzo hayo sasa ni sharti la kazi duniani kote.

Sisi Waafrika tusome hapa kwa makini. Tumelelewa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni malezi mazuri na siyakatai. Lakini ndani ya chumba cha marubani mambo yamegeuka: mkuu asiyesikia la mdogo huvunja miguu ya wote. Tarehe 5 Mei 2007 ndege ya Kenya Airways iliyokuwa inatoka Douala, Cameroon, kurudi Nairobi ilianguka usiku dakika chache baada ya kuruka, na watu wote 114 walifariki. Ripoti ya uchunguzi ilieleza kwamba marubani walipoteza mwelekeo gizani, na ikataja ukosefu wa ushirikiano kati ya wale wawili. Kumheshimu mkubwa si kumwacha apotee.

SOMO LA TATU: ALIYENUSURIKA AANDIKE

Sasa turudi nyuma kidogo, mwaka 1974. Kuna ajali mbili zilizopishana siku 11 tu, na moja ilitokea nyumbani.

Tarehe 20 Novemba 1974 Boeing 747 ya Lufthansa iliyokuwa imetoka Frankfurt iliruka kutoka Nairobi kuelekea Johannesburg. Ilipoacha tu ardhi ikaanza kutetemeka, haikupanda, ikaanguka mbele ya uwanja na kuwaka moto. Kati ya watu 157, watu 59 walikufa. Ilikuwa ajali ya kwanza ya 747 kuua watu. Chanzo chake kinaeleweka kirahisi. Mbele ya mabawa ya ndege kubwa kuna vipande vinavyochomoza wakati wa kuruka na kutua ili bawa lipate nguvu ya kuinua ndege ikiwa kwenye mwendo mdogo. Kwenye 747 vipande hivyo husukumwa na hewa inayotoka kwenye injini. Siku ile vali za hewa hiyo zilibaki zimefungwa, vipande havikuchomoza, na hakuna king'ora kilichowaambia marubani kwamba vali zimefungwa. Na Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na ndege inahitaji msaada zaidi wa mabawa.

Linaloumiza ni hili: tatizo hilo lilikuwa limeshatokea kwa 747 nyingine kabla ya hapo, na marubani walifanikiwa kuokoa ndege zao. Hatari ilikuwa imebisha hodi. Mfumo wa kuwaonya marubani uliwekwa baada ya watu kufa Nairobi.

Tarehe 1 Desemba 1974, Boeing 727 ya TWA iliyokuwa inakaribia uwanja wa Dulles, Washington, iligonga mlima uitwao Mount Weather. Watu wote 92 walikufa. Marubani walielewa kwamba wakishapewa ruhusa ya kuukaribia uwanja wanaweza kushuka. Waongoza ndege walielewa kwamba kazi ya kujua kimo salama ni ya rubani. Maneno yalikuwa yale yale, ila kila upande ulikuwa na maana yake. Wiki sita kabla, ndege ya United ilikosea namna hiyo hiyo, mahali hapo hapo, ikauponea mlima chupuchupu. Marubani wake waliripoti, na kampuni yao ikawatahadharisha marubani wake yenyewe. Taarifa haikuwafikia wale wa TWA.

Ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji. Lakini kama mwenzako ananyolewa ndani ya nyumba iliyofungwa mlango, utajuaje?

Ndiyo maana mwaka 1976 Marekani ilianzisha mfumo wa taifa wa kupokea ripoti za watu walionusurika: rubani, mwongoza ndege, fundi, mhudumu, yeyote. Angalia walivyofikiria. Mfumo haukuwekwa mikononi mwa mamlaka inayotoa na kufuta leseni, kwa sababu nani atapeleka habari ya kosa lake kwa mtu anayeweza kumnyang'anya kazi? Uliwekwa kwa NASA, ambao hawana leseni ya mtu. Sehemu yenye jina hukatwa na kurudishiwa mwenyewe. Aliyeripoti kosa ambalo hakulikusudia hupata kinga fulani dhidi ya adhabu, ila ajali na uhalifu havimo. Hadi leo ripoti zilizopokelewa ni zaidi ya milioni moja, na mafunzo yake huchapishwa kila mtu asome.

Hata uchunguzi wa ajali zenyewe una kanuni ya namna hiyo. Kiambatanisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao nchi zetu nazo zimeukubali, kinasema lengo pekee la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, si kugawa lawama. Mahakama zipo na zina kazi yake. Mchunguzi anauliza "kwa nini" kabla ya "nani".

SOMO LA NNE: HABARI NUSU NI HATARI NZIMA

Msije mkadhani kwamba haya yote ni historia na sasa mambo ni shwari. Tarehe 28 Oktoba 2018 ndege ya Lion Air, Boeing 737 MAX, ilitoka Denpasar kwenda Jakarta, Indonesia. Njiani mkia ulianza kuisukuma pua ya ndege chini wenyewe, na usukani wa rubani mkuu ukawa unatetemeka kutoa onyo. Ndani ya chumba alikuwemo rubani wa tatu aliyekuwa nje ya zamu. Wakazima umeme unaosogeza bawa dogo la mkia, na ndege ikafika salama. Lakini kwenye daftari la ndege hawakuandika yote. Kutetemeka kwa usukani hakukuandikwa, na hatua waliyotumia kuiokoa ndege haikuandikwa. Asubuhi yake, tarehe 29, ndege ile ile ikaruka na marubani wengine, tatizo lile lile likarudi, na watu 189 wakafa baharini.

Chanzo kilikuwa programu ya kompyuta iliyotegemea kihisio kimoja tu cha kupima pembe ya ndege na upepo, ingawa ndege ilikuwa na viwili. Kihisio kikidanganya, programu iliamini kwamba pua imeinuka mno, ikaisukuma chini, tena na tena. Marubani wengi hawakujua hata kama programu hiyo ipo, maana haikuelezwa kwenye vitabu vyao. Baada ya ajali ya Indonesia yalitoka maelekezo kwa marubani, lakini ndege ziliendelea kuruka. Mnakumbuka Comet ya mwezi Machi 1954?

Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines ya aina hiyo iliruka kutoka Addis Ababa kuja Nairobi. Dakika sita baadaye ilikuwa imeanguka. Watu wote 157 walifariki, 32 kati yao Wakenya, kuliko taifa jingine lolote. Wengi wetu tumeshapita njia ile. Ndipo MAX zikasimamishwa dunia nzima, na Marekani haikuziruhusu tena hadi Novemba 2020, baada ya programu kubadilishwa ilinganishe vihisio vyote viwili na isiweze kumshinda rubani nguvu.

Kwa mhandisi hili ni somo chungu. Hakuna aliyekosa maarifa ya kuweka vihisio viwili. Kilichokosekana ni mtu kusema kwa sauti ya kutosha, na mwingine kusikia kwa wakati.

SOMO LA TANO: KWETU SISI ABIRIA

Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa inakwenda Nairobi ilitekwa nyara, ikaishiwa mafuta, na rubani akaitua baharini karibu na Mitsamiouli, Ngazija, visiwa vya Komoro. Kati ya watu 175, watu 125 walikufa, akiwemo mpiga picha wetu maarufu wa Kenya, Mohamed Amin. Abiria wengi walikuwa wamejaza upepo majaketi ya kuokolea maisha wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia, majaketi yaliwainua hadi darini, wakashindwa kupiga mbizi kuufuata mlango.

Kwa hiyo mhudumu anaposema "usijaze upepo jaketi lako mpaka umetoka nje ya ndege," tafadhali acha simu kidogo. Sentensi hiyo fupi ina makaburi nyuma yake. Hesabu viti kati yako na mlango wa dharura, ili uweze kuufikia hata gizani. Na ukiamriwa kutoka, begi acha. Laptopu ina tasnifu yako, najua, lakini tasnifu huandikwa upya.

NA KWETU JE?

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria karibu na Mwanza, ikiwa imezidisha abiria, na mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018, miaka 22 baadaye, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, ziwa lile lile, nacho kikiwa kimezidisha abiria, na zaidi ya watu 220 wakafa. Katikati hapo, Septemba 2011, Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba, nayo imezidisha. Kila mara tulilia, tukaomboleza kitaifa, tume ikaundwa. Sisemi hakuna kilichofanyika. Ninachouliza ni hiki: kati ya msiba mmoja na mwingine, ni safari ngapi kivuko kiliinama, abiria wakapiga kelele, kikainuka, watu wakashuka wakisema "Mungu mkubwa" na kwenda zao? Nani aliandika? Na kama karani au baharia mdogo angeandika, angebaki na kazi?

Hapo ndipo tofauti ilipo kati ya anga na barabara zetu. Basi linakatika breki mteremkoni, dereva analisimamisha kwenye ukingo, tunamsifu kwa ujasiri, tunapanda jingine. Kumshukuru Mungu ni haki. Lakini shukrani bila taarifa inamwachia mwenzako hatari ile ile.

Nitoe mfano mdogo wa hapa chuoni. Katika karakana tunayofanyia kazi kuna daftari la kuandika mambo yaliyokaribia kuwa ajali. Mwaka wake wa kwanza, mdogo wetu mmoja kutoka nyumbani aliona mwenzake amewasha mashine ya kukereza vyuma huku ufunguo wa kubania chuma bado umo. Ufunguo uliruka, ukapita karibu na kichwa cha mtu, ukagonga ukuta. Hakuna aliyeumia. Akaniuliza pembeni, "Kaka, nikiandika si watamfukuza? Na mimi si wataniona mchongezi?" Nikamwambia asiandike jina, aandike kilichotokea. Akaandika. Kabla ya mwezi kuisha funguo zote zilibadilishwa, zikaletwa zenye springi inayojitoa yenyewe ukiuachia mkono. Hakuna aliyefukuzwa. Sasa hata mwanafunzi akisahau, ufunguo haubaki ndani.

Wengi wetu tutarudi nyumbani kuwa wahandisi, madaktari, mameneja, wakubwa wa idara. Tutapewa meza na gari. Siku hiyo atakuja kijana wa chini, pengine fundi asiye na shahada, atasema kwa woga, "Bosi, kuna kitu nimeona." Uhai wa watu tusiowajua utategemea jibu letu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kama tungeanzisha daftari la walionusurika kwa vivuko, mabasi au hospitali za nchi zetu, lingewekwa kwa nani ili watu waliamini?

2. Tunawezaje kulinda heshima kwa wakubwa na bado mdogo akasema "hapana, simama"?

3. Katika fani unayosoma, ni hatari gani imeshabisha hodi na hakuna aliyeiandika?

Leteni majibu kwenye mkutano wa mwisho wa mwezi. Hata mwenye wasiwasi na hoja yake aje nayo.

Wenu katika masomo.